Kijasumu, Sumu na Saratani: Uhakiki wa Istilahi za Maradhi ya Utumbo

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno machache ya Kiswahili yatumikayo kuelezea jambo moja la sayansi ya tiba, nalo ni uhusiano uliopo baina ya sumu zitengenezwazo na baadhi ya bakteria waishio utumboni na saratani ya utumbo mpana. Tumeichagua mada hii kwa sababu mbili. Kwanza, elimu yenyewe ni changa, na kwa hiyo istilahi zake bado hazijaota mizizi. Ni rahisi kuzinyosha leo kuliko kesho. Pili, habari za namna hii huwafikia wananchi kwa redio, kwa vipeperushi na kwa maelezo ya wauguzi, na mara nyingi mfasiri huwa amekwisha kuchagua neno kabla ya wataalamu wa lugha kupata nafasi ya kulitazama.

Katika uhakiki huu tumemweka mbele yetu msomaji wa aina moja. Huyo ni mkulima wa mahindi wa Mkata au Kabuku wilayani Handeni, ama mfanyakazi wa mkonge wa Ngombezi au Magoma wilayani Korogwe. Wilaya hizi mbili zina lugha zake, Kizigua na Kisambaa zikiwa miongoni mwake, lakini Kiswahili si mgeni huko. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yaliwakusanya watu wa makabila mengi ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Msomaji huyu basi anakijua Kiswahili vizuri sana. Akiyaelewa vibaya maneno ya mfasiri, kosa si la msomaji.

Habari Yenyewe

Hapana budi kuieleza habari yenyewe kabla ya kuyahakiki maneno yake. Mwaka 1885 daktari Theodor Escherich alieleza kwa mara ya kwanza bakteria aliyemkuta katika choo cha watoto wachanga. Baadaye bakteria huyo alipewa jina la Escherichia coli kwa heshima yake. Wengi wa jamii hiyo hukaa utumboni bila ya kumdhuru mwenye tumbo. Lakini mwaka 2006 watafiti wa Ufaransa na Ujerumani walitangaza kwamba baadhi yao wana kundi la jeni liwawezeshalo kutengeneza kemikali iitwayo kolibaktini.

Kolibaktini hujishikiza kwenye DNA ya seli za utumbo na kuziunga nyuzi zake mbili mahali zisipopaswa kuungwa. Seli ikijaribu kurekebisha uharibifu huo, huweza kukosea, na kosa hilo hubaki katika jeni zake na kurithiwa na seli zizaliwazo nayo. Molekuli yenyewe haidumu. Huvunjika upesi, hata ikawachukua wanakemia hadi mwaka 2019 kulieleza umbo lake. Mwaka 2012 majaribio ya panya yalionyesha kuwa bakteria walioondolewa jeni hizo walileta uvimbe mchache zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi walizikuza seli za utumbo wa binadamu katika maabara, wakaziweka pamoja na bakteria hao kwa muda wa miezi mitano, na wakaona namna maalumu ya mabadiliko ya jeni ambayo ilikutwa pia katika saratani za baadhi ya wagonjwa.

Mwaka 2025 ulitangazwa uchunguzi wa saratani 981 za utumbo mpana kutoka nchi 11. Mabadiliko ya namna hiyo yalionekana mara 3.3 zaidi kwa wagonjwa waliougua kabla ya kutimiza miaka 40 kuliko kwa wale waliougua baada ya miaka 70. Watafiti walifikiri kwamba huenda mabadiliko hayo huanza utotoni. Yafaa ikumbukwe kuwa nchi hizo 11 zilitoka katika mabara manne, na Afrika haimo.

Hapa petu, inajulikana kwamba wagonjwa wa saratani hii waliopokelewa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, waliongezeka katika muongo ulioanza mwaka 2005. Zamani hali ilikuwa nyingine. Mwaka 1971 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi nchini Uganda, aliandika kwamba maradhi haya yalikuwa nadra kwa Waafrika wa vijijini, naye alidhani sababu ni chakula chao kisichokobolewa. Kwa lugha ya Handeni na Korogwe, alikuwa akisema habari za dona na sembe.

Sentensi ya Mfano

Sasa natuichukue sentensi moja ya mfano, iliyo fupi na yenye sura ya Kiswahili safi:

"Vijasumu vya tumbo hutoa sumu inayosababisha kansa."

Sentensi hii haina kosa la sarufi. Mwalimu wa darasa la saba angeipa alama zote. Hata hivyo twaonelea kuwa ina makosa manne ya maana, na kila moja laweza kumpeleka msomaji wetu mahali pabaya. Tutayatazama moja baada ya jingine.

Kijasumu

Neno "kijasumu" linajulikana zaidi kwa sababu ya jamaa yake, "kiuavijasumu", lenye maana ya dawa iuayo bakteria. Katika dawa neno hilo halina ubaya mkubwa, maana dawa hiyo hutolewa kwa mgonjwa, na bakteria anayekusudiwa ni adui. Lakini neno likitolewa kwenye dawa na kupewa kila bakteria, taabu huanza. Kwa masikio ya Mswahili kijasumu ni kidude kidogo chenye sumu. Mfasiri akilitumia amekwisha kusema, kabla ya sentensi kufika kwenye kitenzi, kwamba bakteria wote wana sumu.

Na hilo ndilo jambo ambalo elimu hii inalikanusha. Ugunduzi wa mwaka 2006 haukuwa kwamba bakteria wana sumu. Ugunduzi ulikuwa kwamba katika jamii moja ya bakteria, iliyozoeleka na kudhaniwa kuwa inajulikana, baadhi wanatengeneza sumu hii na baadhi hawatengenezi. Je, mfasiri atasemaje "vijasumu visivyo na sumu"? Atasemaje "vijasumu vyema", wakati utumbo wa binadamu una bakteria kwa matrilioni, na wengi wao humsaidia kusaga chakula na kuwazuia wageni wabaya wasipate makao?

Upo mfano unaoonyesha ugumu huo waziwazi. Mwaka 1917 daktari wa Kijerumani Alfred Nissle alimpata bakteria wa jamii ya Escherichia coli kutoka kwa askari ambaye hakuugua kuhara wakati wenzake walipougua. Bakteria huyo aligeuzwa kuwa dawa ya matumbo, na dawa hiyo ingali ikitumika Ulaya. Baadaye ilionekana kwamba naye ana jeni za kolibaktini. Bakteria mmoja, basi, ni dawa na pia ni mtengenezaji wa sumu. Neno "bakteria" laweza kuibeba habari hii bila ya taabu, kwa kuwa halimhukumu mtu yeyote. Neno "kijasumu" haliwezi.

Madhara ya neno hili si ya nadharia tu. Mzazi wa Korogwe akisikia kwamba vijasumu huanza kazi yao utotoni, dawa anayoijua ni kiuavijasumu, na jina lenyewe limekwisha kumwambia kuwa ndiyo ifaayo. Ataitafuta dukani na kumpa mtoto asiye mgonjwa. Hakuna mtafiti aliyesema hivyo, lakini istilahi imesema.

Sumu

Neno la pili ni "sumu" lenyewe. Kiswahili hutumia neno hili moja kwa sumu ya nyoka, sumu ya panya, sumu ya kupulizia pamba, na kitu atiliwacho mtu katika chakula na adui yake. Katika maana hizi zote, isipokuwa ile ya nyoka, yupo mtu aliyeiweka sumu mahali ilipo. Ndiyo maana swali la kwanza la Mswahili asikiapo kuwa fulani ana sumu tumboni si "imetokana na nini?" bali ni "nani kamtilia?"

Katika nchi ambako waganga wana sifa kubwa, na Handeni inajulikana sana kwa jambo hilo, swali hilo lina majibu yake tayari na lina watu wa kulijibu kwa malipo. Hatusemi kwamba wananchi wa huko ni wajinga. Twasema kwamba neno "sumu" likiachwa peke yake huwaelekeza huko, na huwaelekeza pia kwenye dawa za kuharisha zinazouzwa kwa jina la kusafisha tumbo. Mtu anayetokwa na damu chooni akaamini kuwa ana sumu ya kutolewa, atakunywa dawa ya kuharisha na kungoja. Wiki zile anazongoja ndizo ambazo angekuwa amekwisha kufika hospitali ya Magunga, akachunguzwa na kupewa rufani.

Je, tulitupe neno "sumu" na kukopa neno la kigeni? La. Neno la mkopo lisiloeleweka halimwelekezi mtu vibaya, lakini halimwelekezi popote. Tunalo tayari jawabu katika lugha yetu wenyewe, nalo ni neno "sumukuvu".

Funzo la Sumukuvu

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa huko Uingereza kwa kula chakula cha karanga zilizoota ukungu. Sumu iliyowaua ikaitwa aflatoksini. Nchini Tanzania habari zake zilivuma sana mwaka 2016, wakati watu wapatao 20 walipofariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Wataalamu walihitaji neno ambalo mkulima angelielewa mara moja, na neno "sumukuvu" likaenea: sumu itokayo kwenye kuvu.

Twalisifu neno hili kwa sababu mbili. Linamtaja mtengenezaji wa sumu, kwa hiyo swali la "nani kaitia?" limejibiwa ndani ya neno lenyewe: kuvu ndiyo iliyoitia. Tena linamwonyesha mkulima pa kuanzia, yaani kukausha mahindi na kuyahifadhi vizuri. Mkulima wa Handeni, ambaye mahindi ndiyo uhai wake, halihitaji kamusi neno hili.

Kwa mfano huo twapendekeza "sumubakteria" kwa kila sumu itengenezwayo na bakteria, kolibaktini ikiwa moja kati yake. Neno ni refu kidogo kuliko nduguye, lakini linafuata njia ileile, na aliyelielewa la kwanza ataelewa la pili bila ya kufundishwa.

Hata hivyo yatupasa kutahadharisha. Kolibaktini ni sumu ya namna ambayo hudhuru jeni, na mfasiri aliyeipenda njia hii atavutwa aseme "sumujeni". Asifanye hivyo. Katika "sumukuvu" na "sumubakteria" sehemu ya pili humtaja mtoaji wa sumu; katika "sumujeni" ingemtaja mpokeaji wake. Msomaji aliyezoea kanuni ya kwanza atafahamu kwamba jeni zinatoa sumu, na hapo mgonjwa atadhani kuwa ameirithi sumu kwa wazazi wake. Kanuni na iwe moja: baada ya "sumu" huja jina la mtoaji. Kwa upande wa mpokeaji tuseme kwa maneno kamili, "sumu idhuruyo jeni".

Tumbo na Utumbo

Kosa la tatu ni dogo, nasi tutalipita upesi. "Tumbo" ni sehemu yote ya mwili kuanzia chini ya kifua, na pia ni mfuko wa chakula, na pia ni la uzazi. "Utumbo" ni mmoja tu, na "utumbo mpana" unajulikana zaidi. Bakteria wa mfuko wa tumbo, Helicobacter pylori, wana habari yao tofauti kabisa na hii. Anayeandika "saratani ya tumbo" akikusudia ya utumbo mpana amechanganya maradhi mawili. Kuhusu "kansa" na "saratani", yote mawili yanaeleweka. Twapendelea "saratani" katika maandishi kwa kuwa limekwisha kukubalika hata katika majina ya taasisi zetu.

Husababisha, Huchangia, Huenda

Kosa la nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo limo katika kitenzi. Wafasiri wetu huhangaika sana na nomino na kuvisahau vitenzi, ilhali katika sayansi kitenzi ndicho kinachobeba kiasi cha hakika.

"Husababisha" ni neno la hakika. Linafaa kwa sumukuvu na saratani ya ini. Linafaa kwa Helicobacter pylori na saratani ya mfuko wa tumbo, ambaye tangu mwaka 1994 ametiwa katika orodha ya visababishi vya saratani na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililoko Lyon. Halifai kwa kolibaktini. Watafiti wenyewe husema kuwa huenda inachangia, na ni mmoja kati ya mambo mengi, pamoja na chakula, unene, pombe, tumbaku, umri na urithi. Isitoshe, takriban mtu mmoja mwenye afya kati ya watano ana bakteria hao, na wengi wao hawataugua saratani hii kamwe.

Basi tuseme "huchangia"? Ndiyo, lakini kwa uangalifu. Kuchangia katika lugha ya kila siku ni kutoa fedha za arusi, za msiba au za ujenzi wa shule. Ni tendo la wema. Kitenzi kinaweza kubeba maana ya ubaya kikifuatwa na "kuleta": "huchangia kuleta saratani". Nomino yake ndiyo ya hatari. Mtu akiandika "mchango wa bakteria katika saratani", msomaji wa mkoa wa Tanga atakumbuka mara moja kwamba mchango ni maradhi ya tumbo yanayojulikana tangu enzi za mababu na yenye dawa zake za mitishamba, sawa na neno "chango" ambalo ni utumbo, na minyoo, na msokoto wa tumbo pia. Sentensi iliyokusudiwa kueleza saratani itakuwa imeeleza mchango. Kwa hiyo nomino hii na iepukwe katika mada za utumbo.

Tena kuna tofauti ya "yaweza" na "huenda". "Sumu hii yaweza kuleta saratani" ni habari ya uwezo: sumu inao uwezo huo, kama nyoka awezavyo kuuma. "Huenda sumu hii huchangia kuleta saratani" ni habari ya ujuzi wetu: bado hatujapata hakika. Watafiti wanasema la pili. Lugha yetu inatofautisha mambo haya waziwazi, na mfasiri asiyetofautisha hana haki ya kuilaumu lugha kwa umaskini.

Wapo watakaosema kwamba mwanakijiji hataki "huenda". Anataka kuambiwa ndiyo au siyo. Hoja hiyo haina nguvu, hasa Korogwe. Kati ya mwaka 2009 na 2014 Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11 barani Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S. Wazazi walihitaji kuelezwa kwa Kiswahili kwamba chanjo ilikuwa ikijaribiwa, kwamba huenda ingemkinga mtoto na huenda isingemkinga, na kwamba ridhaa ilikuwa yao. Mkulima naye huishi na "huenda" kila msimu anapoitazama mvua. Asiyeweza kuivumilia "huenda" mara nyingi ni mwandishi.

Saini au Nyayo

Neno moja limebaki, ambalo halimo katika sentensi yetu ya mfano lakini litakuja upesi. Ile namna maalumu ya mabadiliko ya jeni inayoachwa na kolibaktini, watafiti huilinganisha na saini ya mtu. Mfasiri atavutwa kuandika "saini". Lakini kwetu saini ni ya hiari, huwekwa kwenye hati na mtu aliyekubali jambo. Saini ikionekana kwenye hundi, kesi imekwisha.

Twapendekeza "nyayo". Nyayo huachwa bila ya kukusudiwa, na hubaki baada ya mwenyewe kuondoka, kama vile mabadiliko haya yanavyoonekana kwa mgonjwa ambaye pengine bakteria hao hawapo tena utumboni mwake. Juu ya hayo, nyayo huthibitisha kwamba fulani alipita. Hazithibitishi peke yake kwamba ndiye aliyeiba mbuzi. Kiasi hicho hasa ndicho kilichojulikana na wanasayansi hadi sasa.

Mapendekezo

Kwa muhtasari twapendekeza yafuatayo:

(a) "Bakteria" litumike kwa viumbe hawa wote, katika ngeli ya a-/wa-. "Kijasumu" lisitumike nje ya jina la dawa.

(b) "Sumubakteria" litumike kwa sumu itolewayo na bakteria, na kanuni ya kumtaja mtoaji baada ya "sumu" ifuatwe bila ya kuvunjwa.

(c) "Utumbo mpana" litumike kila inapokusudiwa hivyo, na "tumbo" liachiwe maana zake nyingine.

(d) "Husababisha" litumike palipo na hakika tu. Penginepo itumike "huenda", na "huchangia kuleta". Nomino "mchango" iepukwe.

(e) "Nyayo" litumike badala ya "saini" kwa alama ziachwazo katika jeni.

Sentensi yetu sasa itasomeka hivi: "Huenda sumubakteria itolewayo na baadhi ya bakteria wa utumbo huchangia kuleta saratani ya utumbo mpana." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na mhariri wa kipeperushi atalalamika. Lakini haimwambii mtu kuwa ametiliwa kitu, haimpeleki dukani kununua dawa ya mtoto asiyeugua, na haimpi hakika ambayo mtafiti mwenyewe hana.

Tungependa pia chini ya sentensi ya namna hii iongezwe nyingine isiyohitaji istilahi yoyote, kwamba damu ionekanapo chooni, au choo kibadilikapo kwa majuma kadhaa, mtu aende hospitali wala asijihukumu kuwa ni bawasiri.

Hitimisho

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu kwa Kiswahili. Ilifaulu kuwaeleza kwamba maradhi mengi yana visababishi vinavyojulikana, na kwamba yanaweza kuzuilika kwa choo, maji safi na chandarua. Kazi ya mfasiri wa leo ni ngumu kuliko ile, kwa kuwa anatakiwa kueleza maradhi ambayo visababishi vyake ni vingi na vingine bado vinatafutwa. Kiswahili kinayo maneno ya kuieleza hali hiyo. Twawaomba walimu wa Chuo cha Ualimu Korogwe, wauguzi wa zahanati za Handeni na wafasiri popote walipo, wayajaribu maneno haya mbele ya wasikilizaji wao, kisha watuandikie ni yapi yaliyoeleweka na ni yapi yaliyokataliwa, ili mapendekezo haya yasahihishwe kabla ya kufikishwa kwenye kamati ya usanifishaji.